Mwalimu wa serikali kuomba ufadhili wa uzamili nje: nianzie kwa mwajiri au kwenye fomu?

MwalimuWaKemia

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa kemia na baiolojia kwenye sekondari ya kata, wilaya moja ya korosho huku kusini. Kemia niko peke yangu, kidato cha kwanza hadi cha nne. Huu ni mwaka wa saba kazini, nimethibitishwa, nina miaka 33 na mtoto mmoja wa miaka minne. Shahada ya kwanza nilitoka na GPA ya 3.8. Nataka kusoma uzamili wa kemia ya mazingira na hela sina. Nasema mapema kabla hamjaniambia nitafute chuo cha jioni nijilipie: mshahara ukiingia Bodi ya Mikopo imeshakata asilimia 15 yake, kuna mkopo wa benki niliosimamishia vyumba viwili ambavyo mpaka leo havina bati, na kuna mama. Mkopo mwingine wa kusomea siutaki hata kwa dawa. Natafuta ufadhili kamili, ule ambao serikali ya nchi fulani inalipa ada, inakupa pa kulala na posho.

Mwaka jana nilijaribu wa China. Tangazo nililikuta kwenye grupu la WhatsApp la walimu zimebaki siku kumi na moja. Nikaandika barua ya kuomba ruhusa, nikaiacha ofisini, nikarudi kufundisha. Siku ya tisa nakwenda kuulizia, masjala hawaioni. Tuliitafuta na dada mmoja pale mpaka tukaikuta kwenye trei ya ofisi nyingine kabisa, imebanwa kwa pini pamoja na madai ya nauli ya likizo ya mwalimu mwingine. Sikugombana na mtu. Nilirudi zangu, dirisha likafungwa.

Sasa ni mwisho wa Oktoba na safari hii nataka niwahi. Nianze na lipi? Nikipata, mshahara unaendelea au unasimama? Na zile barua mbili za maprofesa, ni profesa gani atanikumbuka mimi baada ya miaka saba? Mwaka wa kwanza kemia tulikuwa tunaisikilizia madirishani.

Kitonga

Dada usijichoshe. Hizo nafasi zina wenyewe, nyie mnawekewa tangazo ili ionekane limetangazwa. Bora ukope uezeke hivyo vyumba.

AfisaKilimo_Kusini

Marahaba mwalimu, kwa miaka uliyoitaja wewe ni mdogo wangu.

Huyo ndugu hapo juu simlaumu. Mara ya kwanza nilipokosa, 2014, na mimi niliongea hivyo hivyo kijiweni. Baadaye nikaisoma tena karatasi yangu ya mpango wa masomo nikaona aibu: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kulisaidia taifa langu." Ukurasa mzima wa ndoto, zao hata moja halijatajwa, na mimi ni bwana shamba! Mara ya pili nikapata. Niliondoka Septemba 2016 kwenda Nanjing, uzamili wa kinga ya mimea, nikarudi 2019. Baba yangu anachoma mkaa Nachingwea. Mjomba wizarani hatuna.

Kwa hiyo jibu: anza kwa mwajiri, na anza kesho, kabla tangazo halijatoka. Fomu ya mtandaoni unaimaliza kwa usiku mbili ukiwa na bando. Barua inatembea kwa miguu ya watu, na watu wana semina, wana misiba, wana ziara za viongozi.

Iandike hivi. Juu, Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Chini yake K.K. (kupitia kwa) Afisa Elimu Sekondari, chini tena K.K. Mkuu wa Shule. Halafu: YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUOMBA UFADHILI WA MASOMO YA UZAMILI. Ona hapo, kuomba ruhusa ya *kuomba*. Wengi wanaandika "kuomba ruhusa ya masomo" wakati hawana chuo wala mfadhili. Mwajiri anauliza unakwenda wapi, unajibu bado sijajua, basi faili linafungwa na ana haki. Ukishapata nafasi utaandika ya pili, ya kuomba ruhusa yenyewe, na hiyo inakuwa rahisi kwa sababu unaikumbushia ya kwanza.

Toa nakala tatu. Usimpe mtu akupelekee, hata mtunza stoo anayekwenda mjini kila Ijumaa. Mkuu wa shule akishaandika maoni yake na kutia saini, beba mwenyewe mpaka kwa afisa elimu, kisha mpaka masjala, na pale masjala wakupigie mhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe kwenye nakala inayobaki kwako. Mwalimu, kilichokuponza mwaka jana si siku kumi na moja. Ulirudi nyumbani bila mhuri. Yangu ilipigwa tarehe 3 Novemba 2015, ninayo hadi leo, kona moja imeliwa na mende. Ilipopotea ofisini (ilipotea, ndiyo) sikubishana na mtu, niliweka nakala mezani, wakaitoa fotokopi mambo yakaendelea.

Sasa China. Njia ziko mbili. Ile wanayoiita A inapitia ubalozi kwa kushirikiana na Wizara yetu ya Elimu. B unaomba chuo chenyewe moja kwa moja na chuo ndicho kinachokupendekeza. Unaweza kujaribu zote. A huombi kwa ada yoyote. B baadhi ya vyuo vinadai ada ya maombi, soma kabla hujatuma kitu. Akitokea mtu anataka laki mbili za "kukushughulikia faili", mfute kwenye simu. Uzamili wanataka uwe chini ya miaka 35, uzamivu chini ya 40. Wewe una 33, hesabu mwenyewe umebakiza misimu mingapi. Chagua kozi inayofundishwa kwa Kiingereza, kwa sababu ya Kichina utaanza na mwaka mzima wa lugha kabla hujagusa kemia. Uzamili wao ni miaka miwili hadi mitatu. Ada wanalipa, hosteli wanalipa, bima ya matibabu ipo, na posho ya uzamili ni yuan 3,000 kwa mwezi. Kwa kula kantini ya chuo inatosha na unabakisha kidogo. Lakini hiyo ni ya kichwa kimoja, hosteli ni ya mwanafunzi, mtoto hayumo. Hilo ulifikirie sasa, usije kulilia uwanja wa ndege.

Barua za wapendekezaji lazima ziwe za profesa au profesa mshiriki. Usimwandikie "naomba barua ya pendekezo" ukanyamaza. Hakukumbuki, na si kosa lake, umemsikilizia dirishani. Anza na aliyekusimamia mradi wa mwaka wa tatu. Kama yeye bado ni mhadhiri tu, muombe akupeleke kwa profesa wa idara. Mtumie transkripti, kichwa cha mradi wako, alama uliyopata kwake, na mistari sita ya ulichofanya tangu hapo. Umpe kitu cha kuandika. Mimi profesa wangu alijibu baada ya wiki tano, kwa sentensi moja: "Wewe ndiye yule uliyevunja bureti?" Ndimi. Barua ikaja nzuri ajabu.

Fomu ya afya nayo. Ni kurasa mbili: ina damu, eksirei ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, na picha yako ambayo mhuri wa hospitali lazima uikanyage nusu picha nusu karatasi. Majibu yanadumu miezi sita tu. Mimi kwa kiherehere nilipima Agosti, ilipofika Machi yakawa yamekufa, nikalipa mara ya pili. Na mara hiyo ya pili mhuri wakaupiga pembeni, picha ikabaki safi kama ya harusi, nikarudi tena kilomita zaidi ya mia kwa ajili ya mhuri. Pima Januari. Na kabla hujaondoka dirishani, itazame picha.

Mpango wa masomo, wanataka maneno yasiyopungua 800. Kabla sijakwambia kitu naomba unijibu moja: hapo shuleni kwako, ukitoka nje ya maabara, kuna tatizo gani la kemia unaloliona kwa macho?

MamaWawili_Dom

Mwalimu, pole na hongera. Naongezea upande wa Uingereza, na nianze na kitu kinachochanganya watu kila mwaka: CSC, kifupi utakachokutana nacho kwenye fomu, ziko mbili. Moja ni Baraza la Ufadhili la China, la ule mpango aliouleza kaka hapo juu. Nyingine ni Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola, iko London, na mpango wake ulianza 1959. Nina rafiki alijaza fomu ya moja akiwa anasoma maelekezo ya nyingine. Alituma mpaka eksirei London, hawakuitaka.

Mimi nilisoma kwa hiyo ya London, ule mpango wao wa masomo ya masafa. Ada yote walilipa, nikasomea hapa hapa Dodoma, kazini naenda, watoto nawapikia. Saa nne usiku wakilala ndipo nafungua kompyuta. Posho hakuna kwa sababu hujaondoka kwako. Ilinichukua miaka mitatu, na kuna mwezi umeme ulikuwa unakatika kila nikiingia kwenye mtihani, nikahamia kwa jirani mwenye jenereta nikawa nalipa kwa mafuta. Kwa mwenye mtoto wa miaka minne naona usiidharau njia hii. Pia wana ule ufadhili wa kuchangia na vyuo, huo unakwenda kukaa kule, na sharti lake mojawapo ni uwe mtu ambaye bila wao usingeweza kulipa. Hapo mabati yako ni ushahidi.

Chevening ni mwingine, wa serikali ya Uingereza, uzamili wa mwaka mmoja, tiketi ya ndege imo. Ukomo wa umri hawana. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, wewe umeshavuka. Unachagua kozi tatu, na ukimaliza urudi nchini ukae si chini ya miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti. La mwaka huu limeshafungwa, weka kikumbusho kwenye simu.

AfisaUtumishi_si_wako

Nianze na jina langu, mimi si wa halmashauri yako, msinitafute.

Mshahara: ukiwa umethibitishwa, masomo yanahusiana na kazi yako, na una ruhusa ya masomo kwa maandishi, mshahara unaendelea. Na makato ya Bodi yanaendelea vilevile, usidhani yatakuhurumia kwa kuwa uko darasani. Utasaini mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri, usome kabla ya kusaini. Muombe mkuu wa shule akuingize kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri mapema, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na anayeomba Agosti kuondoka Septemba anatupa sisi kazi ya kumkatalia.

Usiondoke kwa barua iliyo "njiani". Siku tano za kazi bila ruhusa ni utoro, na adhabu yake ni kufukuzwa. Nimeandaa mwenyewe jalada la kijana mmoja, mzuri kabisa, aliyepata nafasi nje akasema kibali kitamkuta huko huko. Kilichomkuta ni hati ya mashtaka. Kusafiri nje nako kuna kibali chake, kiulizie wakati ule ule.

Ukirudi, cheti cha nje kipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe, bila hivyo huku kwetu ni karatasi nzuri tu ya ukutani.

Na mwajiri atakuuliza nani atafundisha vipindi vyako. Ingia ukiwa na jibu.

Mwisho, wa nyumbani nao wapo. Benki Kuu wana Mfuko wa Mwalimu Nyerere tangu 2009, unasomesha vyuo vya hapa hapa nchini. Fuatilia tangazo lao uone kama fani yako imo.

MwalimuWaKemia

Asanteni sana. Nimesoma yote mara mbili, ya mhuri mara tatu.

Kaka AfisaKilimo, swali lako limenikalisha. Nimewaza mpaka nikaona jibu lilikuwa mbele yangu: salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kuanzia mwezi wa sita wanafunzi wengi wanaamka saa kumi alfajiri kuwasaidia wazazi kupuliza mikorosho, kabla umande haujakauka na upepo haujaanza. Saa moja na nusu wako mstarini. Kwenye mashati meupe unaiona kabisa, njano, imekaa kwenye mkunjo wa kola. Nyusi pia. Darasa la kidato cha tatu likianza kukohoa linapokezana kama kwaya.

Sasa juzi nimefanya kitu cha kitoto. Nilikuwa na karatasi za pH zilizobaki kwenye mtihani wa vitendo, zile za kupima asidi, namba ikishuka asidi imezidi. Nikachukua udongo chini ya mkorosho wa zamani ulio nyuma ya choo cha walimu, na mwingine katikati ya uwanja wa mpira, nikakoroga kila mmoja na maji ya mvua. Wa uwanjani ulionyesha kama 6. Wa mkorosho ulishuka kati ya 4 na 5. Nikarudia na wanafunzi, ikawa vile vile.

Nimeanza kuandika hivi: "Mazingira ni uhai, na kila binadamu ana wajibu wa kuyatunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tanzania kama nchi inayoendelea inakabiliwa na changamoto nyingi za kimazingira." Halafu ndiyo inaingia salfa. Iko sawa?

AfisaKilimo_Kusini

Mwalimu futa hizo sentensi mbili. Hazina kosa, ila anaweza kuziandika mtu yeyote, hata asiyewahi kuuona mkorosho. Anza na kola ya shati.

Halafu udongo, umeshika pazuri, na hapo naongea kama mtu wa fani. Salfa tunapuliza kwa sababu ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na bila kupuliza maua yanakauka mkulima anavuna majani, kwa hiyo usiandike kama mtu anayetaka ipigwe marufuku, utawaudhi hata ndugu zako. Inayodondoka chini haikai hivyo ilivyo. Bakteria wa udongo wanaigeuza kuwa asidi ya salfa, mwaka hadi mwaka, ndiyo hiyo 4 na kitu uliyoiona. Swali lako la utafiti liwe dogo: mashamba ya umri tofauti, kina tofauti cha udongo, asidi imefika wapi na chokaa kiasi gani kingeipunguza. Useme vipimo gani utavifanyia kwenye maabara yao ambavyo kwako huna. Useme ukirudi nani atakayeyatumia majibu. Naliendele, Mtwara, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kinachoshughulika na korosho, utafute walichokwisha kufanya ili usijidai wa kwanza.

Zile karatasi za pH hifadhi. Zipige picha pembeni ya rula.

MwalimuWaKemia

Kola imepanda juu. Nimefika maneno 640.

Nimekwama kwingine. Jina la babu. Vyeti vyangu vyote kuanzia kidato cha nne vinasema Saidi. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinasema Said. Pasi ya kusafiria sina bado, ndiyo nataka kuomba, na nimeambiwa itafuata NIDA. Hiyo i moja itanila?

AfisaUtumishi_si_wako

Inaweza. Mfadhili anaweka pasi na cheti meza moja, anaona watu wawili. Nenda kwa wakili ukale kiapo kwamba Said na Saidi ni mtu mmoja, kipigwe mhuri, uambatishe kila mahali. Omba pasi sasa hivi, ni 150,000, usingoje tangazo. Jina kwenye fomu ya maombi uandike kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Huyo babu mwenyewe alikuwa anajiandikaje?

MwalimuWaKemia

Babu alikuwa anaweka dole gumba.

Mrejesho, maana hapa watu wakishasaidiwa wanapotea. Leo nimekwenda kwa wakili, alianza elfu ishirini, akashuka hadi kumi na tano alipojua mdogo wake namfundisha. Profesa hajajibu. Barua imepokelewa saa nane na robo, mhuri una tarehe na nimeupiga picha palepale dirishani, yule dada wa masjala akacheka, ananikumbuka wa mwaka jana.

Mkuu wa shule aliandika "Napitisha" bila tatizo. Halafu akaweka kalamu chini akaniuliza: mwalimu, na kemia nimpe nani? Nilikuwa nimejiandaa kujibu, nilikuwa na jina la kijana wa kujitolea aliyekuwa shule ya jirani. Ndiyo akaniambia huyo kijana ameondoka wiki iliyopita, amepata kazi kwenye duka la dawa mjini.